Pua gizani: Nani aliamua picha kali ya treni ni ipi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, stesheni ya Syokimau. Treni ya kwenda katikati ya jiji iko karibu kuondoka na watu wanakimbia. Jamaa mmoja anakimbia huku akifunga tai. Mama mmoja amevaa raba na kubeba viatu vya ofisi mkononi. Nyuma ya treni jua ndio linachomoza na vumbi limegeuka rangi ya dhahabu. Nikapiga picha. Niliipenda hiyo picha, maze, hadi nikaituma kwa kikundi cha wapenzi wa treni nikingoja sifa.

Jibu la kwanza lilikuwa maneno mawili tu: "Pua gizani." La pili likasema kuna nguzo imeota juu ya injini kama pembe. La tatu lilitoka kwa jamaa ambaye kazi yake naiheshimu: "Mdogo wangu, mkia umekatwa. Rudi kesho." Hakuna aliyesema lolote kuhusu yule mama na viatu vyake.

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikaanza kujiuliza: hizi sheria zilitoka wapi, na kwa nini tunazifuata hapa Nairobi kana kwamba ziliandikwa Nairobi?

Kama hujawahi kukaa na watu hawa, jua kwamba hawaangalii picha ya treni vile wewe unaangalia picha za harusi ya binamu yako. Wanaikagua. Jicho linaanzia puani, yaani uso wa injini: jua limeupiga? Linatembea ubavuni hadi behewa la mwisho: treni yote imeingia? Magurudumu yanaonekana ama yamezama kwenye nyasi? Namba ya injini inasomeka? Kuna nguzo, waya, tawi au kichwa cha mtu mbele? Ardhi imelala sawa ama treni inaonekana ikipanda mlima ambao haupo? Kama ni treni ya mvuke wanaangalia hadi vile vyuma virefu vinavyozungusha magurudumu. Vikiwa chini, magurudumu yanaonekana vizuri na mpiga picha anapewa heshima yake. Vikiwa juu, pole, ulibonyeza mapema.

Ni ukaguzi mkali, lakini si wa kijinga. Picha hizi zilianza kama rekodi. Mtu alitaka kujua injini namba fulani ilikuwa wapi, mwaka gani, ikivuta nini. Rekodi isiyosomeka ni bure. Nchini Marekani, mwandishi Lucius Beebe aliyechapisha kitabu High Iron mwaka wa 1938 aliipigia debe sana ile picha ya uso na ubavu kwa pamoja, treni ikija upande wako na moshi juu. Vizazi vya wapiga picha vikafuata. Japani nako kuna kundi linaloitwa toritetsu, wapenzi wa reli ambao raha yao kuu ni kupiga picha, na kati yao picha inayoheshimika sana ni ile inayoonyesha treni nzima kuanzia kichwa hadi mkia bila kitu chochote mbele yake. Hata treni nyingine ikipita na kuifunika kidogo, siku imeharibika.

Linganisha na sisi na nganya zetu. Picha ya matatu mpya ikitoka, watu wanazozana kuhusu michoro, taa, rimu na jina. Kondakta akining'inia mlangoni, hiyo ni bonasi. Umati ukizunguka gari, bonasi tena. Kwenye treni, umati ni takataka ya kukatwa pembeni.

Sasa turudi kwa pua yangu gizani, kwa sababu hapo ndipo jambo lenyewe liko.

Uingereza jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Ukipata reli inayoelekea mashariki na magharibi, unajua upande wa kusimama, na babako alisimama hapo hapo. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia Machi hadi Septemba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, halafu miezi iliyobaki linapita kusini. Mahali palipokupa picha safi Julai panakupa kivuli Desemba. Na saa sita mchana, mwezi wowote, jua liko utosini: paa la behewa linameremeta huku magurudumu yote yamezama kwenye weusi. Kwa hivyo mpiga picha wa hapa ana kama saa mbili za asubuhi na saa mbili za jioni. Basi.

Na hizo ndizo saa ambazo treni za wafanyakazi zinatembea. Chukua ramani. Syokimau iko kusini-mashariki mwa katikati ya jiji. Asubuhi treni inaelekea kaskazini-magharibi, yaani imelipa jua kisogo. Ukisimama mbele yake, pua iko kivulini. Jioni inarudi kusini-mashariki na jua linatua nyuma yake. Pua kivulini tena. Treni ya Ruiru nayo asubuhi inateremka kuelekea kusini-magharibi, jua likiwa nyuma. Kwa sheria ya pua, treni hizi ambazo wasee wanapanda kila siku kwenda kutafuta haziwezi kupata picha nzuri. Si kwamba hujui kupiga. Ramani imekataa.

Treni ya Kikuyu ndiyo imebarikiwa. Asubuhi inakuja mjini ikitazama mashariki, jioni inarudi ikitazama magharibi, na jua liko usoni pande zote mbili, ukiacha kona kona za njiani. Inapita Kibera, mabati mekundu ya kutu pande zote mbili na mwangaza wa chini. Ndiyo maana picha nyingi za reli jijini utakazoona zikisifiwa zimepigwa kule. Watu husema ni kwa sababu Kibera ni maarufu. Mimi nasema jua pia limechangia.

Utaniambia, basi tupige SGR. Sawa, lakini SGR ina mtihani wake. Reli imezungushiwa ua, na stesheni zina walinzi ambao wakiona lenzi ndefu kuliko simu wanakuja. Katika stesheni moja ambayo sitaitaja niliulizwa kibali changu kiko wapi huku abiria watano kando yangu wakipiga selfi kwa simu zenye kamera kali kuliko yangu. Nilipouliza tofauti ni ipi nikaambiwa, "Wewe unaonekana uko kazini."

Halafu kuna suala la maelezo. Ile picha ya treni juu ya daraja refu la Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, twiga chini, majengo ya jiji nyuma, umeiona mara ngapi? Mara nyingi inaandikwa "Madaraka Express ikielekea Mombasa". Hapo ndipo wapenzi wa treni wanakuwa na maana. Daraja hilo, la takriban kilomita sita, liko kwenye kipande cha kwenda Naivasha na Suswa kilichofunguliwa 2019. Treni ya Mombasa inaondokea kituo kikuu cha Syokimau na kwenda upande mwingine. Na ukitazama vizuri, huenda kinachovuta hapo ni DF8B, injini ya mizigo, si DF11 ya abiria. Mtu wa kawaida ataona treni nzuri na twiga. Mkaguzi ataona kosa. Zamani nilidhani huu ni ujuaji. Siku hizi, picha za akili unde zikiwa zimejaa kila mahali, naona ni huduma kwa umma.

Maana mashine hizo bado zinakosea reli. Reli mbili zinaungana na kuwa moja. Magurudumu yanahesabika matatu upande huu na matano ule. Treni ya SGR inatembea kwenye reli yenye upana wa ile ya zamani ya mita moja, wakati yake ni milimita 1,435. Ajali ikitokea na picha ianze kuzunguka, mtu anayejua kusoma namba ya injini na upana wa reli atakuambia ndani ya dakika mbili kama hiyo ni Kenya, India ama ni uongo mtupu.

Hata hivyo, usidhani kuediti kulianza jana. Picha ambayo pengine ndiyo maarufu kuliko zote za treni, Hotshot Eastbound, ilipigwa na O. Winston Link mwaka wa 1956 huko Iaeger, West Virginia. Ni usiku, magari yameegeshwa kwenye sinema ya wazi, wapenzi wawili wamekaa kwenye gari la wazi, ndege iko kwenye skrini, na nyuma inapita treni ya mvuke na moshi mweupe. Link alipiga nyingi za picha zake usiku kwa taa alizozipanga mwenyewe, kwa sababu taa unaweza kuzisogeza lakini jua huwezi. Taa hizo zilikuwa kali kiasi kwamba zilifuta kilichokuwa kwenye skrini, kwa hivyo ile ndege akaiongeza baadaye katika chumba cha kusafishia picha. Picha inayoheshimiwa na wakaguzi dunia nzima imebandikwa. Na pua? Wengi hawaiangalii hata kidogo. Wanaangalia wale wawili kwenye gari.

Kumbe hata wakubwa wa mchezo huu wanajua watu wana nafasi yao kwenye picha.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi si pua, ni miguu. Mahali watu wanasimama. Kile tunachosifia ndicho kinaamua mtu asimame wapi, na picha tunayoisifia zaidi ya zote, treni ikija moja kwa moja, karibu, chini, kubwa, inapigwa vizuri zaidi ukiwa mahali ambapo hupaswi kuwa.

Februari 2010 karibu na Osaka, toritetsu waliingia kwenye reli kutafuta nafasi ya kupiga treni ya pekee iliyoitwa Asuka. Treni zilisimamishwa na zaidi ya abiria elfu kumi wakachelewa. Februari 2016 Flying Scotsman, injini kongwe ya Uingereza, ilirejea kazini baada ya matengenezo ya miaka mingi, ikitoka London kwenda York. Watu waliingia njiani kuipiga picha, ikabidi isimame, na treni nyingine zikasimama nyuma yake. Fidia ya ucheleweshaji ilifika karibu pauni 60,000.

Hizo ni hasara za saa na pesa. Juni 2024 katika jimbo la Hidalgo, Mexico, watu walijipanga kando ya reli kuitazama Empress, injini ya mvuke ya mwaka 1930 iliyokuwa safarini kutoka Kanada. Mwanamke mmoja alichuchumaa karibu na reli ajipige selfi treni ikiwa nyuma yake. Ikamgonga kichwani akafa. Hakuwa katikati ya reli. Alikuwa kando, na hili ndilo watu wengi hatulijui: mwili wa treni ni mpana kuliko reli zake. Reli za SGR zina nafasi ya chini ya mita moja na nusu kati yake, lakini behewa lina upana wa karibu mita tatu. Kila upande kuna chuma kinachoning'inia nje ya pale macho yako yanapodhani treni inaishia. Na ukiitazama treni kupitia skrini ya simu, inaonekana iko mbali kuliko ilivyo.

Reli yetu ya zamani haina ua mahali pengi. Watoto wanacheza hapo, biashara ziko hapo, njia ya mkato kwenda shule iko hapo. Kijana wa miaka kumi na sita akiona picha iliyopigwa katikati ya reli imepewa sifa mia tatu na yangu ya kando imeambiwa "rudi kesho", atasimama wapi Jumamosi? Ndio maana nasema kikundi kingeanza kuuliza swali moja kabla ya lile la pua: ulisimama wapi? Baadhi ya wakubwa tayari wanakataa kabisa kusifia picha iliyopigwa kutoka kati ya reli hata iwe kali namna gani. Mwanzoni niliwaona wazee wa roho mbaya. Nimebadilisha mawazo.

Lazima pia niseme kidogo kuhusu ndugu zetu wa Tanzania, kwa sababu bila hiyo hamtaniamini kwamba nimekaa na watu hawa. Tangu SGR ya Dar es Salaam ianze kubeba abiria kati ya Juni na Julai 2024, hadi Morogoro kisha Dodoma, kulinganisha picha kumekuwa vita ya taifa. Wao wana umeme, wana ile treni wanayoiita mchongoko kwa pua yake ndefu, na mwendo uliopangwa wa kilomita 160 kwa saa dhidi ya 120 zetu. Sisi tuna dizeli, Tsavo na tembo wanaopita chini ya reli. Kila upande unachagua silaha: Mtanzania anatoa mchongoko uliooshwa asubuhi, Mkenya anajibu kwa machweo ya Voi. Halafu tunaita hiyo kulinganisha treni, wakati tunalinganisha saa za jua. Kichekesho ni kwamba kwa vipimo vya wakaguzi sisi ndio wenye bahati, kwa sababu reli ya umeme ina nguzo na nyaya kila hatua na mpiga picha wa Dar anapigana na nguzo maisha yake yote. Jamaa mmoja wa kule aliniambia anaionea wivu anga yetu tupu. Mimi naonea wivu treni yao. Tukaachia hapo.

Kuna hoja moja ya wakaguzi ambayo siwezi kuipangua: bila sheria, kila mtu atapiga chochote na hakuna atakayejifunza. Ni kweli. Nguzo iliyoota juu ya injini yangu ilikuwa uzembe, ningesogea hatua mbili tu. Mkia uliokatwa pia ni wangu. Lakini wao wenyewe wana picha ambazo sheria haziguswi. Nenda Makumbusho ya Reli ya Nairobi uone Mount Gelai, injini namba 5918. Ni mojawapo ya zile 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka wa 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizozizidi kwa ukubwa na nguvu. Sasa leta kwenye kikundi picha ya zamani ya mojawapo ikiwa kazini, imefifia, imepinda, pua gizani kabisa. Hakuna atakayethubutu kutaja pua. Watauliza ilipigwa wapi, nani alikuwa dereva, kuna nyingine?

Kwa hivyo sheria inalegea kitu kikishapotea. Treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa iliacha kutembea 2017 SGR ilipoingia. Jaribu kutafuta picha ya ndani ya daraja la tatu, watu wamelala, vyakula, mizigo, watoto dirishani. Kisha hesabu ngapi umepata dhidi ya picha za injini. Treni ndogo za dizeli ambazo Kenya ilinunua 2020, zilizokuwa zikitumika kisiwa cha Mallorca huko Uhispania, leo hakuna anayezihangaikia kwa sababu ziko kila siku na pua zao ziko gizani. Zitaondoka nazo. Na hapo ndipo mtu ataanza kutafuta asubuhi za Syokimau.

Nilirudi kesho yake kama nilivyoambiwa. Nguzo niliikwepa, mkia ukaingia wote hadi behewa la mwisho, nikaandika namba ya injini, tarehe na mahali niliposimama. Pua ilikuwa gizani vilevile. Yule mama safari hii alikuwa amefika mapema. Alikuwa dirishani, behewa la tatu, ameinama akivaa viatu vyake vya ofisi.